Kamera ya kazi ikatie bima kabla ya kusafiri nayo

Kijana mmoja anayesoma UDOM ameniandikia wiki hii akiuliza akope wapi pesa ya lenzi nyingine. Yake imeanguka kutoka kwenye bodaboda akitoka kupiga picha za mahafali. Pole sana, mdogo wangu. Usikope. Ipeleke kwanza kwa fundi, na kwa kazi ulizokwisha kuchukulia advansi, kodi lenzi ya mwenzako. Bima ya leo haitalipa ajali ya jana.

Mimi yangu ilivunjikia Kolo. Nilikuwa na wageni waliokwenda kuona michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kutoka Dodoma mjini ni lami, raha mustarehe. Shughuli huanza ukiiacha barabara kuu kuelekea milimani. Dereva wa Noah aliingia korongoni kwa kasi, begi likaruka kwenye kiti na kujipiga kwenye chuma cha mlango. Nilipofungua zipu, pete ya chuma inayoishika lenzi ilikuwa imepinda upande mmoja, skrubu mbili zimeng'oka na plastiki yake, na pete ya kuzumu imegoma kupita 50. Machozi yalinilenga mbele ya wageni.

Lakini nilikuwa na bima! Nilipoikata, wapiga picha wenzangu walinicheka, eti nalipia hewa. Mmoja alinisema hivyo mbele ya mteja wangu, na hilo sijalisahau. Basi mwezi huu nimelipwa. Siku ile sikuiwasha kamera. Niliipiga picha kwa simu pamoja na begi na lile korongo, na mtandao uliposhika tu nikampigia wakala. Mtathmini alitaka risiti ya EFD, namba ya lenzi na maandishi ya fundi. Nikampa vyote. Wakakata ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye mali hujibebea, iliyobaki wakalipa. Jumamosi iliyopita lenzi mpya imepiga sendofu pale Kikuyu.

Sasa nisikilizeni nyie mnaotaka kula kwa kazi hii. Bima kubwa ya gari la mtu inalinda gari lake, begi lako halimo. Ulizeni bima ya hatari zote kwa vifaa vinavyobebeka, na kwenye fomu semeni wazi kwamba ni vya biashara. Ukiandika vya nyumbani halafu kikavunjika kwenye harusi uliyolipwa, umewapa sababu ya kukukatalia. Thamani nayo iwe ya kweli: kamera ya milioni nne ukiiandikisha kwa milioni mbili, hasara ya milioni moja unaweza kulipwa nusu yake tu. Vumbi letu la kiangazi linaloingia polepole ni uchakavu, halilipwi. Ulizeni pia kuhusu wizi kwenye gari lisilo na mtu. Ulizeni kabla ya kulipa, jamani, sio baada ya kulia.

Wakala awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Makao makuu yao yako hapahapa Dodoma, hakuna kisingizio cha umbali. Na kampuni ikikukatalia, dai sababu kwa maandishi. Usiporidhika nazo, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mpelekee karatasi zako. Kumfokea wakala hakusaidii, si yeye anayeamua.