Anza na maji, dada

Dada, umeuliza uanze na kipi iwapo stima na mtandao vitazimika kwa mpigo hapa kisiwani Lamu. Anza na maji, taa baadaye. Maji ya mjini yanatoka visima vya kijiji cha Shela kwa pampu, na pampu bila stima ni chuma tu. Jaza birika, lile tangi la maji la nyumbani, hata siku ambazo mfereji unatiririka. Mitungi ya kunywa iwe kando: watu watano humaliza lita 20 kwa siku, kunywa na kupika. Ya kisima uyachemshe mpaka yatokote.

Halafu pesa taslimu. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipokatika karibu Kenya nzima, pesa zangu zote zilikuwa kwenye simu, na simu imekwisha chaji. Mkononi shilingi 40! Siku hizi naficha elfu tatu kabatini, noti za mia na hamsini, maana ukienda na ya elfu wakati kama huo hakuna mwenye chenji.

Friji usilifungue ovyo, likifungwa hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Samaki wa ziada mtie chumvi mapema umfanye ng'onda, usingoje anuke. Jiko la makaa libaki uani, usilale nalo chumbani, hewa yake inaua bila kunuka.

Na kama nyumbani kuna mgonjwa au mja mzito, patana na nahodha wa boti sasa hivi, ujue na anapolala. Simu zikikatika utamfuata kwa miguu.