Mgongo umefungwa, kibofu je?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 4. Alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji akiwa na siku 3 na kidonda kikapona vizuri. Anatembea kwa kushikilia ukuta. Shida ni mkojo, unamtoka kidogo kidogo mchana kutwa. Mganga wa tiba asili anasema kibofu kimelegea. Amenipa mizizi ya kuchemsha, na nimkande kwa maji ya moto kiunoni hadi miguuni. Je, ataacha akikua?

JIBU: Marahaba mama. Kukua peke yake hakutamponya, na hayo maji ya moto yaache leo. Watoto wengi wa mgongo wazi hawasikii joto miguuni. Nimeshatibu malengelenge yaliyoanzia vidoleni hadi kwenye kifundo, mama akiniapia kwamba mtoto hakulia. Angelia vipi, na hakusikia kitu?

Hili la "kibofu kimelegea" ndilo linalonichosha. Mzazi anadhani mkojo wote unatoka, kazi ni kuuzuia tu. Kumbe mara nyingi kibofu kimejaa pomoni, na hicho kinacholowesha chupi ni ziada, kama ndoo iliyosahauliwa chini ya bomba. Unaobaki ndani unaleta maambukizi, na presha ya ndani ya kibofu ikipanda unarudi juu kwenye figo. Nazo figo hufa kimya kimya. Mtoto anakula, anacheza, mpaka siku ya kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ndipo tunashtuka. Na hiyo mizizi isiyo na kipimo, unadhani inachujwa wapi?

Upasuaji ule ulifunga uwazi na kuzuia maambukizi. Neva za kibofu na miguu, zilizoumia tangu akiwa tumboni mwako, haukuzirudisha. Sisi madaktari tuna lawama hapa: tunasifia kovu, tunamruhusu mtoto, basi.

Mrudishe kliniki afanyiwe ultrasaundi ya figo na kibofu, apimwe na mkojo. Wakiona haumalizi kukojoa, watakufundisha kumtoa mkojo kwa katheta: unanawa kwa sabuni, unaingiza kimrija chembamba, mkojo ukiisha unakichomoa, kila baada ya saa 3 au 4. Hakikai humo, kwa hiyo usitishwe na maneno ya "atazoea mpira". Wasichana wengi wakifika miaka 7 au 8 hujifanyia wenyewe kwa kioo kidogo. Sema usipewe ya mpira wa lateksi, maana watoto hawa hupata mzio nao kwa urahisi, hata wa maputo. Uliza pia habari za choo. Kikiwa kigumu kinabana kibofu.

Na nyinyi wengine ambao watoto wenu wamewekewa mrija wa kutoa maji kichwani: akianza kutapika, kuumwa kichwa na kusinzia ovyo, msikimbilie dozi ya malaria duka la dawa. Mrija unaweza kuwa umeziba. Mpelekeni hospitali yenye wapasuaji wa ubongo usiku huohuo, msingoje kukuche.