Maswali na majibu: Muziki si kidonge

Naomba orodha ya nyimbo kumi za kupunguza mawazo. (Kijana, Mbezi)

Hili ni swali la nne la aina hii mwezi huu, na jibu ni lilelile: sina. Mawazo yako siyajui, na wimbo unaomtuliza dereva wa lori la Tunduma huenda ukakukera wewe. Anzia na zilizokuwa zikipigwa kwenu ulipokuwa na miaka kumi. Na wimbo uuache ufike mwisho, mwanangu. Ninyi mnaoruka kila baada ya sekunde thelathini ndio mnaoniandikia kwamba muziki hauwasaidii.

Mume wangu hataki taarabu ipigwe ndani, anasema ni nyimbo za kusutana. Nimweleze nini? (Mama wawili, Tanga)

Mwambie ameona tawi akadhani ndio mti. Mipasho na rusha roho vilishika kasi miaka ya 1990, na sikatai, humo zimo nyimbo za kumwelekezea jirani spika dirishani. Lakini jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kiarabu la kuguswa moyo na muziki. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuuleta kutoka Misri uburudishe jumba lake. Baadaye Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, akauimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, cha Culture tangu 1958. Hao wote walikuwa wanamsuta nani?

Taarabu asilia haina haraka. Inaweza kutangulia bashraf, kipande cha ala tupu: kanuni, ala ya nyuzi nyingi, na fidla zikiongea zenyewe, ndipo mwimbaji aingie, na wimbo mmoja ukapita dakika kumi. Msikilizaji amekaa. Neno likimchoma, anainuka taratibu na noti yake kwenda kutunza, kisha anarudi kitini. Ijumaa jioni mwekee mumeo bashraf bila kumtajia jina, umpe na kahawa.

Na wewe, dada yangu, kama kweli ulikuwa unamrushia wifi yako vijembe kwa spika, hapo mumeo ana haki.

Mwanangu ana miezi mitano. Nimpigie Mozart awe na akili? (Mama Junior, Nakuru)

Hii nayo haifi! Mwaka 1993 watafiti wa California waliandika katika jarida la Nature kwamba wanafunzi 36 waliosikiliza Mozart kwa dakika kumi walifanya vizuri zaidi kwenye mafumbo ya maumbo, kama kukunja karatasi kichwani, na faida hiyo ikayeyuka ndani ya robo saa hivi. Wanafunzi wa chuo kikuu, mama, si wachanga. Wafanyabiashara wakaidaka, na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akaomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo.

Okoa bando lako. Mwimbie mwenyewe, hata kama sauti inakwaruza. Anaijua tangu tumboni, na akiwa mgongoni ndani ya kanga anausikia hadi mtetemo wake. Bibi zetu walibuni bembelezi papo hapo, wakaingiza humo jina la mtoto, deni la duka na visa vya mawifi. Mtoto alilala, na mama naye alikuwa ameshatua mzigo wake.

Nalala na spika za masikioni usiku kucha. Kuna madhara? (Fundi, Kahama)

Shirika la Afya Duniani linasema usizidishe sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Wewe saa nane mara siku saba ni 56, na hapo sijahesabu daladala. Punguza sauti, na uiwekee simu ijizime baada ya nusu saa.

Baba alifariki mwezi uliopita. Nikisikiliza rumba aliyoipenda nalia, kisha napata nafuu. Shangazi anasema navunja heshima ya msiba. (Binti, Lubumbashi)

Pole sana, mwanangu. Lia.

Shangazi naye usimpuuze. Msiba una wenyewe, na spika haifunguliwi matangani kwa sababu mmoja anafarijika. Sikiliza chumbani, sauti ya chini. Remmy Ongala, aliyekuja Dar es Salaam kutoka huko kwenu Kongo, alikiimba kifo chenyewe kwa gitaa la kuchezeka, na hakuna aliyesema amewadharau marehemu.

Mama yangu alikuwa akipika huku anamfuatisha Marijani Rajabu. Alipoondoka, karibu mwaka mzima sikuweza kuisikia sauti ile jikoni. Ikianza redioni nazima. Siku niliyoiacha iendelee, wali uliungua.

Ila ukiona huli, hulali, na wimbo ni uleule kila usiku, mwambie shangazi huyohuyo, au nenda hospitali. Nyimbo haziwezi yote.

Mbona zilipendwa ni ndefu hivi? Nusu ya wimbo hawaimbi. (Mwanafunzi, Dodoma)

Hawaimbi kwa sababu unatakiwa ucheze. Nusu ya kwanza ni ya maneno: barua, talaka, mshahara uliochelewa. Ya pili ni chemko, magitaa yanakamatana, na aliyekuja dansini na shida zake anazimwaga sakafuni. Kwenye santuri ndogo wimbo uligawanywa pande mbili. Maneno yakiisha mtu aliinuka kugeuza, na akishainuka harudi kukaa. Bendi ya Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ya Sikinde 1978, na wasikilizaji wao tulibishana miaka kuhusu nani mwenye chemko kali zaidi. Wewe unakata chemko ukidhani wimbo umeisha. Ni sawa na kunywa mchuzi ukaacha nyama.

Singeli inaweza kumtuliza mtu? (Hakutaja jina, Temeke)

Mwanangu wa pili huipiga akiosha vyombo, na vyombo vinatakata. Mimi hutoka nje.