Hati ilirudi baada ya siku nne, sasa watu wanapima ua wetu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alifariki miaka sita iliyopita, na nyumba aliyotuachia bado iko kwa jina lake. Mama ndiye anayeishi humo, sisi wengine tunafanya kazi mbali. Mwezi uliopita jirani alinipigia simu. Mama akiwa amelazwa, watu wawili walikuja na futi kamba wakapima ua, wakasema wameonyeshwa na mwenyewe. Nilipomuuliza mama kuhusu hati, akaniambia iko kabatini kama kawaida, ila mdogo wetu wa kiume aliichukua "kwenda kutoa kopi" akairudisha siku ya nne. Nikimhoji mdogo wangu atasema namwita mwizi. Mama ana presha na hataki ugomvi. Nifanye nini nisiivunje familia? Ni mimi, Dada Mwenye Hofu.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limekwama pale pale: siku nne. Kutoa kopi ni kazi ya dakika tano. Sisemi mdogo wako ni mwizi, na wewe usiseme. Lakini hati iliyolala kusikojulikana siku nne haihesabiwi kuwa salama eti kwa kuwa imerudi ndani ya bahasha ile ile.

Basi anzia hapo. Mtu unayemwamini aitoe kabatini na kuisoma kwenye mwanga wa dirisha. Namba ya hati, namba ya kiwanja na ukubwa wake vinalingana na kopi za zamani za marehemu baba yako? Mikunjo ya miaka yote bado ipo? Nauliza mikunjo kwa sababu matapeli wana mchezo wa kuazima hati halisi, kurudisha ya bandia inayofanana nayo, kisha ile halisi wanaitembeza kwa wanunuzi. Wenye nyumba wanabaki wakilinda karatasi ya bure.

Hata ukikuta ni yenyewe, bado usilale. Kwenye mali iliyosajiliwa, hati mliyonayo ni kielelezo tu; mwenye mali ni yule aliyeandikwa kwenye daftari la msajili. Nchi nyingi zinafuata mfumo wa kusajili ardhi uitwao Torrens, ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858, na huko jina lililo daftarini ndilo lenye nguvu. Uzuri wake ni kwamba mnunuzi halazimiki kufukua mikataba ya mababu. Ukali wake ulionekana mwaka 1967, pale Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa nchi kadhaa zilizotawaliwa na Uingereza, ilipoamua kesi iliyotoka New Zealand. Mke alighushi sahihi ya mumewe na kuiweka rehani mali yao wawili. Deni halikulipwa, wakopeshaji wakaiuza, na aliyenunua hakujua lolote. Mume alipokwenda kudai haki yake alishindwa, kwa kuwa jina la mnunuzi lilikuwa limeshaingia daftarini. Ziko nchi zinazosema hati ya kughushi haizai haki yoyote na mali humrudia mwenyewe. Ya kwako iko upande gani, wakili atakueleza. Mimi nataka tu usije ukalijua jibu ukiwa umesimama kizimbani.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kikao chochote cha familia, peleka maombi ya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Wengine huita sachi, yaani kuomba uonyeshwe yaliyoandikwa daftarini kuhusu mali hiyo. Unachohitaji hasa ni namba ya kiwanja au ya hati, na siku hizi nchi kadhaa zinakuruhusu kuomba kwa mtandao, hata ukiwa mbali. Majibu yakija usiridhike kuona jina la baba likiwa bado pale. Shuka chini kwenye rehani, mazuio na maombi yanayosubiri. Angalia tarehe ya ingizo la mwisho. Kama kuna chochote kilichoingia baada ya baba yako kuzikwa, hapo pana jambo.

Upekuzi ukiwa safi, weka zuio. Hili ndilo ninalokusihi kuliko yote. Zuio ni maombi kwa msajili kwamba asiandikishe uhamisho wala rehani kwenye mali hiyo bila wewe kuarifiwa na kusikilizwa. Huhitaji kuwa mmiliki peke yako. Kwa kawaida mrithi ana maslahi ya kutosha kuliomba. Muulize wakili linadumu muda gani, maana kwingine huisha au mtu anaweza kuomba liondolewe, nawe unatakiwa kuwa tayari kujitetea. Uingereza ofisi ya ardhi ina huduma ya bure ya kumtumia mtu taarifa kila linapotokea jambo kwenye daftari la nyumba anayoifuatilia. Unaruhusiwa kufuatilia hadi nyumba 10, hata isiyo yako, kwa mfano ya mzazi. Lakini taarifa ni kengele tu, haifungi mlango. Kama kwenu kuna huduma ya namna hiyo jiandikishe, na zuio uliweke vilevile. Ukiwa hapo hapo uliza barua za msajili zinakwenda anwani gani. Kama bado zinakwenda kwenye sanduku la marehemu, hata onyo likitumwa hakuna atakayelisoma.

Naona unajiuliza kama haya yote si kuzidisha. Sikia. Mwaka 2021 mchungaji mmoja wa Luton, Uingereza, alikuwa kikazi Wales. Majirani wakampigia simu kwamba kuna mtu nyumbani kwake, taa zinawaka. Alipofika funguo yake haikufungua mlango. Akafunguliwa na mtu asiyemjua, na ndani hapakuwa na fanicha, zulia wala pazia. Nyumba ilikuwa imeuzwa na mtu aliyejifanya yeye. Umeona kilichomfikishia habari? Simu ya jirani, kama wewe. Jirani yako amekufanyia hisani kubwa. Mshukuru, na umwombe akuandikie siku, saa na sura za wale wenye futi kamba angali anakumbuka.

Na matapeli wanapenda zaidi mali ya marehemu, kwa sababu marehemu hawezi kuikana sahihi yake. Mimi mwenyewe niliwahi kushika mkataba wa mauziano wenye sahihi ya mjomba wangu, miezi mitatu baada ya kumzika. Sahihi nzuri, imenyooka, mkia wa herufi ya mwisho umepinda kama alivyokuwa akiupinda ujanani. Lakini tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya mwaka wake wa mwisho, na mjomba alikuwa amepooza mkono wa kulia miaka miwili kabla ya hapo. Mwisho wake alikuwa akiweka dole gumba la kushoto, tena nikimshikia kidau cha wino. Nililia kwa hasira. Tuliokoa kile kiwanja kwa sababu binti yake alitunza fomu za hospitali.

Hata Graceland, nyumba ya Elvis Presley kule Memphis, ilinusurika mwaka 2024. Zilitolewa karatasi kwamba marehemu binti yake alikopa dola milioni 3.8 na kuiweka nyumba dhamana, na siku ya mnada ikatangazwa. Mjukuu alikimbilia mahakamani akisema sahihi zimeghushiwa, na jaji akasimamisha mnada siku moja kabla. Mthibitishaji wa sahihi aliyetajwa kwenye karatasi alikuwa ameshakana kuwa aliwahi kukutana na marehemu. Baadaye mwanamke mmoja alikiri kosa la ulaghai.

Sasa mdogo wako. Mpigie simu baada ya zuio kuingia, si kabla. Usianze na siku nne wala futi kamba. Mwambie hivi: "Mdogo wangu, nyumba ya baba nimeiwekea zuio kwa niaba yetu sote wanne. Kuanzia leo hata mimi siwezi kuigusa peke yangu." Hilo ni kweli, na halimnyooshei mtu kidole. Kisha nyamaza, msikilize. Huenda ana deni. Huenda kuna dalali au mkopeshaji aliyemwambia "niletee hati niione tu", na kijana akadhani anaonyesha, kumbe ameacha kila kitu kinachohitajika kughushia. Akifunguka, mpokee, muulize ni nani, na jina hilo mpe wakili. Akiwaka, usibishane naye. Zuio liko pale pale.

Mama mwambieni kwa upole, mkiwa wote, kwamba mnafungua mirathi. Miaka sita ni mingi mno kuacha mali kwenye jina la mtu asiyeweza kuitetea. Mahakama iteue msimamizi, haki ya mama ya kuishi pale iandikwe wazi, na daftari lisomeke kwa majina ya walio hai. Yeye anaogopa ugomvi, namwelewa, lakini yeye ndiye atakayekuwa ndani siku mgeni akija na funguo mpya. Wakati huo hati ikae kwa wakili au sanduku la benki, na asiwepo wa kuipiga picha akaituma kwenye kundi la ukoo.

Ikiwa upekuzi utaonyesha uhamisho tayari, acha kikao cha familia. Ripoti polisi, chukua namba ya ripoti, na wakili aombe amri ya mahakama ya kuzuia mali isiuzwe tena kwa mtu wa tatu. Kila siku inayopita inamkaribisha mnunuzi mwingine asiyejua kitu, nawe umeona kilichompata yule mume wa New Zealand. Usikutane na "mnunuzi" peke yako, usipokee hela yake, usisaini chochote anachokiita makubaliano.

Niandikie majibu ya msajili yakitoka. Nataka kujua ile tarehe ya ingizo la mwisho.

Shangazi yako