Mkuu, mistari ya Kaguya isikudanganye, mimi ilinila pikipiki

Mkuu, weka penseli chini kwanza. Nimesoma bandiko lako ndani ya daladala nikapitiliza kituo.

Unasema unatengeneza katuni ya dakika 10 ya hadithi aliyokusimulia bibi yako, ya kuchora kwa mkono "kama ile ya Kaguya". Umeshanunua rimu 3. Kuna mfadhili anakupa hela ya kuanzia Ijumaa na umemwahidi kazi ndani ya miezi 3. Halafu unauliza ununue kishkwambi gani, utumie programu gani, na unaipelekaje kwenye matamasha. Nitajibu yote. Ila kuna sentensi yako moja imenichoma: "Nimechagua staili hii kwa sababu mistari yake haijamaliziwa, itakuwa kazi nyepesi."

Sentensi hiyo hiyo niliitamka mimi mwaka 2019, mbele ya watu, nimevaa shati la kuazima.

Kwa ambao hamjaiona, Kaguya ni filamu ya katuni ya Isao Takahata wa Studio Ghibli, ilitoka Japani Novemba 2013, ina dakika 137. Hadithi yenyewe ya Wajapani ina zaidi ya miaka elfu moja: mzee mkata mianzi anakuta kibinti ndani ya mwanzi unaong'aa, anamlea, mtoto anakua kwa kasi ya ajabu, mzee anaokota dhahabu kwenye mianzi na kuamua binti apelekwe mjini akawe mtu mkubwa. Wanakuja waungwana watano kuposa, kila mmoja anatumwa kitu kisichopatikana. Mwishowe inajulikana binti ametoka mwezini na watu wake wanamjia. Na imechorwa kana kwamba mtu ameshika penseli na rangi za maji akaachia njiani: pembeni mwa picha karatasi nyeupe tupu, mistari imekatika, rangi haijafika ukingoni.

Sasa kuna kipande kimoja. Kaguya yuko kwenye karamu ya kupewa jina, amefungiwa nyuma ya pazia, anasikia walevi wanamdharau. Anatimka mbio. Anavunja milango, majoho yanamvuka moja baada ya jingine njiani, na kadiri anavyokimbia mistari inazidi kuwa migumu, kama mtu anakwaruza ukuta kwa mkaa. Kile kipande ndicho kilichoniua.

Nilikiona kwenye warsha ya siku 2. Nililipa elfu 80, chakula juu yako. Mkufunzi, simtaji, ila akisoma hapa atajijua, akakisimamisha kwenye projekta na kusema: "Mnaona? Hata hawajamalizia! Hii ndiyo staili ya sisi tusio na bajeti." Ukumbi mzima tukapiga makofi, na mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Yule bwana maisha yake yote hajawahi kumaliza katuni ya sekunde 5, hilo nimekuja kuligundua baadaye. Cheti chake ninacho bado, kinaziba ufa dirishani na kwa kazi hiyo hakijaniangusha.

Mwezi mmoja baadaye nikapata mfadhili wangu. Dakika 8, miezi 4, milioni 6, nusu mkononi. Nikapiga hesabu kwenye kisogo cha risiti. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, lakini ukiuacha kila mchoro ukae fremu 2 unahitaji michoro 12. Dakika 8 ni sekunde 480. Mara 12, michoro 5,760. Nikatafuta vijana watatu wanaojua kuchora, shilingi 500 kwa mchoro: 2,880,000. Imebaki 120,000 ya umeme na soda. Rangi nitajaza mwenyewe kwenye kompyuta, ile alama ya ndoo, unabofya rangi inajaa. Nikajiona mhasibu.

Kosa lenyewe ndilo hili, lisome taratibu. Nilisema tuchore zote kwanza, rangi mwisho.

Miezi 3 tulichora. Binti wa kwenye hadithi yangu anakimbia harusi, kwa hiyo nikamvika kanga, tena kanga kamili, ina pindo, ina mji, ina jina. Mistari ikawa ya mkaa mkaa, imekatika katika, inapumua. Ukichezesha karatasi kwa kidole, binti anakimbia kweli. Jirani yangu aliangalia akasisimka. Mkuu, sijawahi kujipenda kama wiki ile.

Tukaskani. Karatasi moja sekunde 40 kwa skana ya nyumbani, zidisha mwenyewe, ni saa 64 za kusikia ule mlio. Nikafungua mchoro wa kwanza, nikachagua nyekundu, nikabofya kwenye kanga.

Skrini nzima ikawa nyekundu.

Nikadhani virusi. Nikazima, nikawasha. Nikabofya tena: binti mwekundu, mlango mwekundu, mbingu nyekundu. Fundi wa kompyuta ndiye aliyenionyesha, huku anajizuia kucheka. Ndoo inajaza mahali palipozungushiwa. Mstari ukiwa na mwanya hata wa sindano, rangi inavuja kama bomba la mtaani lililopasuka. Na mimi nilikuwa na michoro 5,760 ambayo uzuri wake wote ni mianya.

Nikajaribu kuziba mianya. Nilizibia michoro 40 hivi, binti akawa kama wale wa vitabu vya chekechea vya kupaka rangi. Pumzi ikatoka. Ndipo nikaelewa kwamba mstari wa namna ile ukitaka ubaki wazi, chini yake lazima uchore mchoro wa pili, uliofungwa kila upande, usioonekana kwa mtazamaji, kazi yake kushika rangi tu. Na nguo ikiwa na maua, maua nayo yana mchoro wao, kwa sababu yanatembea na mwili. Jina la kanga nalo lilitakiwa liandikwe upya kila fremu, linakunjana na kiuno. Nilichagua jina refu. Kuna siku nitalisamehe.

Kwa hiyo mchoro mmoja "usiomaliziwa" ni michoro miwili, mara nyingine mitatu. Mstari safi uliofungwa, ule wa katuni za kawaida za TV ambao mkufunzi aliuita wa matajiri, ndio uliokuwa wa bei rahisi!

Sikuwa na 2,880,000 nyingine. Nikawaambia vijana chapeni kazi, malipo mfadhili akitoa nusu ya pili. Wakachora michoro 1,200 ya kushika rangi. Hapo ndipo tulipofika siku ya kukabidhi: sekunde 100. Dakika moja na sekunde 40 kati ya dakika 8. Nzuri, narudia, nzuri, lakini mfadhili hakununua uzuri, alinunua dakika 8. Akataka milioni 1.5 irudi. Na vijana wakaja nyumbani na mabegi mgongoni kudai laki 6 yao, mama mkwe yupo sebuleni anakunywa chai.

Sasa rudi kwenye hadithi ya Kaguya. Mmoja wa wachumba, mwana mfalme Kuramochi, ametumwa tawi la vito kutoka mlima Hōrai: mizizi ya fedha, shina la dhahabu, matunda ya lulu. Hakwenda popote. Aliwaweka mafundi wakamtengenezea, kisha akaja kusimulia safari ya baharini kwa machozi. Yuko katikati ya uongo, mafundi wanabisha hodi kudai ujira wao. Mara ya kwanza kuiona nilicheka sana. Siku hizi kipande hicho nakirusha.

Pikipiki iliuzwa milioni 1.7. Laki 4 ilitoka kwenye kikoba cha mama watoto, na hilo sitaki kuliongelea.

Nilichotakiwa kujua kabla ya kupiga makofi kwenye warsha ni hiki. Filamu ile ilichukua kama miaka 8 na inatajwa kula yeni bilioni 5. Filamu ndefu ya Takahata iliyotangulia, ya majirani Yamada, ilitoka 1999 na ina sura hiyo hiyo ya rangi za maji, na ndiyo ya kwanza ya Ghibli kutengenezwa yote kidijitali, kwa sababu zile karatasi za plastiki angavu za kupaka rangi za zamani zilikuwa haziwezi kutoa sura ile. Yaani kile kinachoonekana kama daftari la mtoto kilihitaji mitambo mipya. Na Takahata mwenyewe hakuwa mchoraji! Alikuwa mwongozaji, akawategemea watu kama Osamu Tanabe aliyebuni wahusika na Kazuo Oga aliyeongoza mandhari. Mstari mmoja uliokatika wa Tanabe umebeba mifupa, uzito na hasira ya mtu. Wangu ulibeba nusu ya hivyo, na wa kijana wangu wa tatu, Mungu amjalie, ulibeba mkaa tu.

Tena hata wao walichelewa. Ilipangwa itoke kiangazi cha 2013 pamoja na filamu ya Hayao Miyazaki, mwongozaji mwenzake wa Ghibli, ya Miyazaki ikatoka, hii ikasogezwa mpaka Novemba. Wenye studio, wenye hela, wenye majina. Wewe umemwahidi mtu miezi 3 na una rimu 3.

Rimu 3 ni karatasi 1,500. Kwa michoro 12 kwa sekunde ni sekunde 125, kama hutaharibu hata karatasi moja. Na utaharibu.

Kwa hiyo fanya kitu kimoja, kabla ya Ijumaa kama unaweza, na kama huwezi mwambie mfadhili asubiri: maliza sekunde 10. Usianze, MALIZA. Mstari, mchoro wa chini wa rangi, rangi yenyewe, mandhari ya nyuma, sauti ya mtu anaongea, mpaka ziwe faili unayoweza kumwonyesha shangazi yako kwenye simu. Ni michoro 120 tu ukiacha ile ya chini. Andika saa ulizotumia na hela iliyotoka. Na usichague sekunde 10 za babu amekaa chini ya mwembe anapepesa macho, nakujua, maana mimi ningefanya hivyo. Chagua sekunde 10 mbaya kuliko zote, watu wanakimbia, nguo zinapepea. Zikikuchukua siku 5, dakika 10 zitakuchukua siku 300. Hiyo ndiyo namba unayompelekea mfadhili. Akikataa, umepoteza siku 5, na usafiri wako bado uko uani.

Sauti nayo irekodi kabla ya kuchora. Wao walifanya hivyo. Takeo Chii, sauti ya yule mzee mkata mianzi, alifariki 2012 filamu ikiwa haijatoka, na kwenye filamu bado unamsikia. Sauti ikiwepo, mdomo na pumzi unavichora kwa kufuata kitu, hubuni.

Mengine uliyouliza... tamasha, mkuu, hiyo Kaguya iliteuliwa Oscar ya 2015 ikakosa, acha tuzungumze hilo ukiwa na filamu. Programu nyingine zinajua kuziba mianya midogo, ila kwa mistari iliyokatika namna hii usizitegemee zikuokoe. Kishkwambi waulize vijana humu, mimi bado natumia meza ya kioo na taa chini yake, balbu nilinunua elfu 3.

Na kama binti yako wa hadithi amevaa kanga, mvue jina. Leo usiku. Nitapita tena hapa kesho kuangalia kama zile sekunde 10 zimeanza.