Re: Nilibatizwa utotoni, kwa nini nibatizwe tena?

Dada, umesema ulibatizwa ukiwa mchanga kwa Walutheri, kipaimara ukapata, na sasa kanisa la Kibaptisti la mchumba wako linataka ubatizwe "tena". Kwao si tena. Ubatizo unafuata imani ya mtu mwenyewe, na mtoto wa miezi 3 hajaamini chochote, basi ule wa kwanza hawauhesabu. Hata watoto wao wenyewe huwaombea tu.

Kuhusu maji mengi, yaani kubatizwa kwa kuzamishwa mwili mzima, wengi hawajui hili: John Smyth, kiongozi wa kusanyiko la kwanza la Kibaptisti, Amsterdam, 1609, inaelezwa alijibatiza kwa kujimwagia maji, hakuzama. Kuzamishwa mwili mzima kuliandikwa baadaye kwenye ungamo la London la 1644, tamko la imani la Wabaptisti wa huko.

Ila usidhani wote ni wamoja. Hawana askofu wa kuwaamulia. Kila kusanyiko hujitawala, na mambo mazito washirika huyapigia kura. Uingereza yapo makanisa ya Kibaptisti yanayompokea aliyebatizwa utotoni bila kumzamisha. Kwa hiyo muulize mchungaji wa hapo: sharti hilo ni la uanachama tu, au hata la kushiriki Meza ya Bwana (mkate na kikombe)? Mimi ningeanzia hapo kabla ya kutafuta nguo za kubatiziwa.