Picture Style haigusi RAW, ila inakudanganya kwenye skrini

Ukipiga RAW, yaani faili ghafi la picha, kamera inahifadhi kile sensa ilichokipokea. Mitindo ya rangi na kontrasti ya kamera, yaani Picture Style ya Canon, Picture Control ya Nikon au Film Simulation ya Fujifilm, huandikwa pembeni tu kama maelekezo. Ndiyo maana picha ya Monochrome ukiifungua kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, huonekana nyeusi na nyeupe kidogo, halafu rangi zinarudi zenyewe. Faili halijaharibika. Ulichokiona mwanzo ni JPEG ndogo, picha iliyokwisha kupikwa na kamera, iliyomo ndani ya RAW. Lightroom imeiweka kando na kutumia mtindo wake wa rangi, Adobe Color.

Hiyo JPEG ndogo ndiyo inayowaponza wengi. Histogramu ya kamera (grafu inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga), pamoja na yale maeneo yanayopepesa kuonya kuwa mwanga umezidi, hukokotolewa kwenye JPEG. Chukua bibi harusi mwenye shela jeupe, saa 7 mchana, kamera ikiwa kwenye Landscape au Vivid. Kontrasti inasukuma nyeupe juu, shela linapepesa, nawe unashusha mwanga stopu nzima, yaani kwa nusu. Kwenye kompyuta unakuta shela lilikuwa bado na nafasi kabla ya mwanga kuzidi, na uso uliokuwa kivulini, ukiupandisha, umejaa chengachenga.

Kwenye Canon ingia Picture Style, chagua Neutral, bonyeza INFO, shusha Contrast hadi -4. Nikon weka Flat kama ipo, la sivyo Neutral. Skrini itapauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, kwa hiyo mteja asichungulie. Washa pia histogramu ya RGB: kanga nyekundu hujaza chaneli nyekundu pekee huku histogramu ya mwangaza ikikaa kimya kabisa.

Unazipenda rangi za kamera? Kwenye Lightroom fungua orodha ya Profile, kundi la Camera Matching. Programu za kampuni zenyewe, Digital Photo Professional ya Canon na NX Studio ya Nikon, husoma mtindo uliouchagua bila kuulizwa.

Vya kuogopa viko menyu nyingine. Highlight Tone Priority ya Canon na DR200 au DR400 ya Fujifilm, mipangilio ya kulinda sehemu angavu, hurekodi RAW ikiwa na giza zaidi, stopu moja au mbili, ndipo JPEG inyanyuliwe. Dalili yake ni ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ya chini kabisa kupanda ghafla. Ukipiga RAW pekee, zizime. Ukilazimika kutoa JPEG hapohapo ukumbini, ziache.